Kufuta Herufi Moja Tu: Kutoka "Ol Karia" hadi "Olkaria"

Ukifungua ramani ya Bonde la Ufa na maeneo ya karibu utaona majina ya Kimaa yanayoanza na Ol: Ol Kalou, Ol Joro Orok, na mbali kidogo Ol Donyo Sabuk. Hiyo "ol" ni kiambishi kinachokaa mbele ya nomino za kiume, na katika majina haya yote imeachiwa nafasi tupu baada yake. Halafu ukiteremka upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, ukapita Hell's Gate, unafika mahali penye mabomba makubwa na mvuke mweupe unaopanda usiku na mchana. Jina la hapo limeandikwa kwa neno moja: Olkaria. Kwa Kimaa ni ule udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Kwa mtindo wa majirani zake lingeandikwa Ol Karia. Nafasi moja imefutwa, K kubwa ikawa ndogo, na leo hakuna anayeliandika vingine.

Kwa mwandishi wa programu hiyo ni kazi ya mistari mitatu. Katika Java:

StringBuilder jina = new StringBuilder("Ol Karia");
jina.deleteCharAt(2);
jina.setCharAt(2, 'k');

Kompyuta huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo O iko mahali pa 0, l mahali pa 1, na nafasi tupu mahali pa 2. Tukiifuta, K iliyokuwa mahali pa 3 inasogea hadi pa 2, nasi tunaipunguza hapo hapo. Matokeo: Olkaria.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mstari wa kwanza na wa tatu Java ilikuwa na ndugu zao tangu siku ya kuzaliwa. Wa pili, ule wa kufuta, ulichelewa. Msomaji anaweza kushangaa: yaani watu walitengeneza lugha nzima ya kuandikia programu, wakasahau kifutio? Hawakusahau. Kufuta herufi katikati ya maandishi ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, na limewasumbua watu tangu enzi za karatasi.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Nikisema stringi nina maana ya herufi zilizopangwa mfululizo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mojamoja, kama watu kwenye foleni ya benki. Stringi isiyobadilika ni ile ambayo ikishaundwa hairuhusiwi kuguswa; ukitaka nyingine unaunda mpya. Stringi inayobadilika ni ile unayoweza kuichezea pale pale ilipo. Na lugha za obyekti ni zile ambazo data na kazi zinazofanywa juu ya data hiyo vinafungwa pamoja katika kitu kimoja: stringi yenyewe ndiyo unayoiambia "jifute herufi ya tatu". Makala hii ni kuhusu hizo zinazobadilika.

Tundu halizibiki

Zamani maandishi ya mashine yalihifadhiwa kwenye kanda ya karatasi iliyotobolewa matundu. Mashine za teleksi, ambazo posta zetu za Afrika Mashariki pia zilizitumia, zilikuwa na matundu matano kwa kila herufi. Sasa fikiria umeshatoboa herufi isiyo sahihi. Tundu huwezi kuliziba. Kitu pekee unachoweza kufanya ni kuongeza matundu mengine. Kwa hiyo waendeshaji walirudisha kanda nyuma, wakatoboa matundu yote ya mstari ule, na mashine ya kusoma ilijua kwamba mstari uliotobolewa wote hauandiki kitu, unarukwa.

Desturi hiyo iliingia moja kwa moja kwenye ASCII, ile orodha ya namba za herufi iliyotoka Marekani mwaka 1963. ASCII ina biti saba, na herufi yake ya mwisho kabisa, namba 127, inaitwa DEL. Kwa nini 127? Kwa sababu 127 ni biti zote saba zikiwa 1, yaani matundu yote saba yametobolewa. Herufi nyingine zote za amri zimekaa mwanzoni mwa orodha, kati ya 0 na 31, lakini DEL iko peke yake mkiani. Wengi tunaiona kila siku na hatujui kwamba ni kumbukumbu ya karatasi.

Tazama kwamba kwa njia hii hakuna kilichoondoka. Herufi iliyofutwa bado inachukua nafasi yake kwenye kanda. Imetiwa alama tu kwamba imekufa. Watu wa hifadhidata bado wanafanya hivyo hadi leo. Na Olkaria yenyewe inafanya hivyo. Katika miaka ya 1950 vilichimbwa hapo visima viwili vya kutafuta mvuke, X-1 na X-2, navyo havikuzaa matunda. Kazi ilipoanza upya katika miaka ya 1970 kwa msaada wa UNDP, hakuna aliyesema "hivi viwili vimeshindwa, basi tuyape majina yao visima vipya". Ulianzishwa mfululizo mwingine, OW-1, OW-2 na kuendelea. Kisima kikishindwa, namba yake inabaki nacho. Nani angetaka kusoma ripoti za miaka 40 akijiuliza OW-2 ya mwaka huu ni ile ile OW-2 ya mwaka ule?

Oslo, kisha California

Lugha ya kwanza ya obyekti ilitoka Norway. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, walitoa Simula 67, na ndani yake kulikuwa na aina ya data iitwayo text. Iliweza kubadilishwa: unasimama mahali fulani ndani ya maandishi, unaweka herufi mpya juu ya ya zamani. Lakini urefu ulikuwa umefungwa. Ukiomba maandishi ya herufi 8, yatabaki 8 hadi kufa kwake. Ungeweza kuweka nafasi tupu juu ya herufi usiyoitaka, lakini ile nafasi bado ni herufi. Ili kupata "Olkaria" kutoka "Ol Karia" ungesogeza herufi tano wewe mwenyewe kwa kitanzi, kisha mkiani ungebaki na takataka moja.

Waliweka njia moja ya kukatia, nayo ni Strip. Ilikurudishia maandishi bila nafasi tupu za mwishoni. Na hata hiyo haikukata chochote! Ilikuonyesha sehemu fupi zaidi ya maandishi yale yale, kama mtu anayefunika mwisho wa ukurasa kwa kiganja. Mimi naona huo ni werevu mkubwa.

Smalltalk, iliyotengenezwa na kundi la Xerox PARC huko California, ilifuata njia inayofanana. Stringi ya Smalltalk-80 ilikuwa obyekti kamili, na ungeweza kubadilisha herufi ndani yake kwa at:put:, lakini ukubwa wake haukubadilika. Ukitaka kuondoa herufi ulitumia copyWithout:, ambayo jina lake linakuambia ukweli wote: inakupa nakala isiyo na herufi ile. Ya zamani inabaki kama ilivyo. Jarida la Byte lilitoa toleo zima kuhusu Smalltalk mnamo Agosti 1981. Mwaka huo huo mtambo wa kwanza wa Olkaria I, wa megawati 15, ulianza kuzalisha stima. Wa pili ukafuata 1982 na wa tatu 1985, jumla megawati 45.

Mwaka 1981 ulikuwa na jambo la tatu, na hili linahusu kifutio moja kwa moja. Kijana wa Kanada aitwaye James Gosling aliandika toleo la kihariri cha Emacs kwa lugha ya C. Shikilia jina hilo, tutarudi kwake.

Mwanya unaotembea

Waandishi wa vihariri vya maandishi walikuwa na shida kuliko wote, kwa sababu mtu anayeandika barua hufuta kila wakati. Kama barua ina herufi 50,000 na wewe unafuta karibu na mwanzo, je, mashine isogeze herufi zote zinazofuata kila unapobonyeza? Kwa mashine za wakati ule ungesubiri.

Jibu ambalo GNU Emacs inalitumia hadi leo ni zuri sana na ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta alijue. Maandishi hukatwa vipande viwili, na katikati huachwa mwanya mtupu pale pale mshale wako ulipo. Ukiandika, herufi inaingia kwenye mwanya na mwanya unapungua. Ukifuta, hakuna kinachosogezwa: mpaka wa mwanya unarudi nyuma hatua moja, na herufi ile inamezwa. Kazi ya kusogeza hufanyika tu unapohamia mahali pengine na kuanza kuhariri huko. Kwa kuwa binadamu hufuta mara nyingi mahali pamoja, gharama ni ndogo.

Kwa hiyo kabla ya Java kulikuwa na njia nne za kufuta: kutia alama na kuruka, kunakili upya bila herufi ile, kusogeza zilizobaki, na mwanya. Lugha mpya ilipaswa kuchagua.

Java bila kifutio

Gosling sasa yuko Sun Microsystems, na Januari 1996 Java 1.0 inatoka. Mtu aliyewahi kuandika Emacs anajua kila kitu kuhusu kufuta herufi. Lakini String ya Java haibadiliki kabisa. Ukisema s.replace, unapewa nyingine. Sababu zilikuwa nzuri: Java ilikusudiwa kuendesha msimbo kutoka mtandaoni, na kama jina la faili lingeweza kubadilishwa baada ya kukaguliwa, ulinzi wote ungekuwa bure.

Kwa wanaotaka kubadilisha waliwekewa StringBuffer. Ilikuwa na append ya kuongeza mwishoni, insert ya kupachika katikati, setCharAt ya kubadilisha moja, reverse ya kugeuza, na setLength ya kukata mkia. Kufuta katikati? Hakuna. Ilibidi tungoje JDK 1.2 mnamo Desemba 1998, ndipo delete, deleteCharAt na replace zikaingia pamoja.

Maoni yangu ni kwamba StringBuffer haikubuniwa kama kihariri. Ilibuniwa kama kikapu cha kujengea: kikusanya-programu cha Java chenyewe kiliitumia kila ulipounganisha vigezo vya stringi, a + b. Anayejenga huongeza, hafuti. Ndiyo maana hata leo ukiangalia msimbo wa watu wengi utakuta append mia moja na deleteCharAt moja, tena ile ya kuondoa koma ya mwisho.

NeXT walikuwa wameshaona mbele. Katika OpenStep, iliyotoka 1994 na kutumia Objective-C, kulikuwa na NSString isiyobadilika na NSMutableString inayobadilika, na hii ya pili ilikuja na deleteCharactersInRange: yake. Nao wenye C++ walipoidhinisha kiwango chao cha kwanza mwaka 1998 waliweka erase. Kwa hiyo Java haikuwa peke yake mwaka ule. Ilikuwa mwaka wa vifutio. Mwaka 2004 Java 5 ikaleta StringBuilder, ambayo ni StringBuffer iliyovuliwa kufuli la nyuzi nyingi ili iende kasi, na ndiyo tuliyoanza nayo.

Ndani ya deleteCharAt

Java ilichagua njia ya kusogeza. Ukifuta mahali pa 2 katika "Ol Karia", K, a, r, i na a zinanakiliwa kila moja hatua moja kushoto kwa amri moja ya haraka, kisha hesabu ya urefu inapunguzwa kutoka 8 hadi 7. Basi. Lakini hebu fikiria kilichobaki nyuma. Sehemu ya kumbukumbu haikupungua: StringBuilder iliyoundwa kwa stringi ya herufi 8 huanza na nafasi 24, na zote bado zipo. Na ile a ya mwisho, iliyokuwa mahali pa 7, hakuna aliyeifuta. Imenakiliwa kwenda 6, lakini ya asili imebaki pale pale. Kwenye kumbukumbu kuna O-l-K-a-r-i-a-a, na ni hesabu ya urefu tu inayoficha a ya pili. Kiganja cha Simula hicho! Kwa jina la mlima haina neno. Kwa nenosiri, hiyo ni sababu moja ya kutoamini kwamba kufuta kwenye StringBuilder kumesafisha kitu.

Gharama nayo ina hadithi yake. Kufuta mara moja ni rahisi. Lakini ukiwa na maandishi ya herufi 100,000 na ukafuta ya kwanza, kisha ya kwanza tena, hadi yaishe, mashine itasogeza herufi karibu bilioni 5. Microsoft na G42 walipotangaza Mei 2024 mpango wa kituo cha data Olkaria kitakachotumia stima ya mvuke wa ardhini, nilicheka peke yangu nikifikiri mvuke kutoka kilomita kadhaa chini ya ardhi ukichemka ili kitanzi cha mtu fulani kisogeze herufi zile zile bilioni 5.

Kitanzi chenyewe mara nyingi huwa hivi. Tuseme tuna jina la kisima lenye nafasi mbili zilizoingia kwa bahati mbaya, "OW  914", nasi tunataka kuziondoa:

for (int i = 0; i < kisima.length(); i++) {
    if (kisima.charAt(i) == ' ') kisima.deleteCharAt(i);
}

Kinaonekana sawa. Kiendeshe utapata "OW 914", nafasi moja bado ipo. Tulipofuta iliyokuwa mahali pa 2, ya pili ilisogea ikakaa pa 2, lakini i ikaenda 3. Imerukwa. Ni kama kuhesabu watu kwenye foleni huku foleni inasogea. Dawa ya wazee ni kuanza mwishoni na kurudi nyuma, maana zinazosogea ni zile ulizokwisha kuzipita. Dawa bora zaidi haifuti kabisa:

int andika = 0;
for (int soma = 0; soma < kisima.length(); soma++) {
    char h = kisima.charAt(soma);
    if (h != ' ') kisima.setCharAt(andika++, h);
}
kisima.setLength(andika);

Mkono mmoja unasoma, mwingine unaandika nyuma yake zile tu zinazotakiwa, na mwisho tunakata mkia. Kila herufi inaguswa mara moja. Na angalia: imetumia charAt, setCharAt na setLength peke yake, vitu ambavyo StringBuffer ya mwaka 1996 tayari ilikuwa navyo. Yaani kifutio kilikuwepo siku zote, kimefichwa kwenye vipande.

Namba mbili, maana mbili

Ukihama lugha jihadhari. Katika Java, delete(2, 3) maana yake ni kuanzia 2 hadi kabla ya 3, yaani herufi moja. Microsoft walipotoa .NET mwaka 2002, StringBuilder yao ilipewa Remove, na Remove(2, 3) maana yake ni kuanzia 2 ondoa herufi tatu. C++ nao husema hivyo hivyo kwa erase(2, 3). Klasi zina jina moja, namba ni zile zile, lakini Java inakupa "OlKaria" na C# inakupa "Olria". Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kengele. Mbaya zaidi, katika C++ ukiandika erase(2) ukidhani unafuta herufi moja, inafuta kuanzia pale hadi mwisho, nawe unabaki na "Ol".

Na ndani ya .NET mambo yalibadilika mwaka 2010. Toleo la 4 liliacha safu moja ndefu na kuanza kuhifadhi vipande vilivyofungamanishwa kama mabehewa ya garimoshi. Kuongeza mwishoni kukawa rahisi zaidi. Kupita herufi mojamoja kwa namba kukawa polepole ikiwa vipande ni vingi.

Herufi zetu sisi

Hadi hapa nimeongea kana kwamba herufi inayofutwa ni takataka. Huku kwetu mara nyingi siyo.

Chukua namba za simu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, sidhani kuna mwandishi wa programu Kenya ambaye hajaandika msimbo wa kusafisha namba. Mteja mmoja anaandika 07 na kuendelea, mwingine +254, mwingine anaweka nafasi baada ya kila tarakimu tatu. Mfumo wa Daraja wa Safaricom unataka tarakimu 12 zinazoanza na 254. Kwa hiyo unafuta nafasi, unafuta alama ya kujumlisha, na sifuri ya mbele unaiondoa kwa deleteCharAt(0) kisha unapachika 254. Sifuri ya mbele, nasema. Nimeshaona msimbo uliofuta kila sifuri. Na mwaka 2019 namba zinazoanza na 01 zilipoingia sokoni, kila programu iliyodhani kwamba baada ya sifuri lazima kuna 7 iliwakataa wateja halali.

Visima navyo. Olkaria siku hizi mashine moja ya kuchimba huweza kukaa uwanja mmoja na kuteremsha visima kadhaa vilivyoinama kila kimoja upande wake, navyo hupewa herufi mkiani: OW-914, OW-914A, OW-914B. Kufuta kile kistari cha katikati hakumdhuru mtu. Lakini anayeamua kwamba herufi ya mwisho ni uchafu, akakata mkia kwa setLength, ameunganisha visima vitatu kuwa kimoja, na vipimo vya joto na shinikizo vya vyote vitatu vitaangukia jina moja. Ukitazama jedwali baadaye hutajua kipi ni cha nani.

Majina ya watu ndiyo yanayoniuma zaidi. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishiwa RAPland ili kupisha mradi wa Olkaria IV. Malalamiko yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na moja ya mambo yaliyoguswa na jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia ni lugha: Kimaa hakikupewa nafasi yake katika mashauriano. Yale hayakuwa malalamiko ya kompyuta. Lakini mradi wa aina hiyo huendeshwa kwa orodha, na aliye kwenye orodha ndiye mwenye nyumba. Mashine inayolinganisha orodha mbili haijui kwamba Ol Kalou, Ol'Kalou na Olkalou ni mji mmoja, wala kwamba jina lenye ng' na lile lililonyang'anywa alama yake ni la mtu yule yule.

Hiyo alama ya ritifaa ndiyo wahanga wetu wakubwa. Kwa kuogopa mashambulizi ya SQL, programu nyingi huifuta tu popote ziionapo. Kwa Kiingereza hasara ni ndogo. Kwa Kiswahili, ng'oa ikipoteza ritifaa inakuwa ngoa, na ngoa ni wivu. Na hata anayetaka kuifuta makusudi hupata tabu, maana simu na vihariri hugeuza ' iliyonyooka, namba 39, kuwa ’ iliyopinda, namba 8217. Kitanzi kinachotafuta ya kwanza kinaipita ya pili bila kuiona. Dhidi ya SQL dawa ni hoja zenye vigezo, ambazo Java imekuwa nazo tangu JDBC ya mwaka 1997. Hakuna sababu ya kugusa jina la mtu.

Kisha kuna Gĩkũyũ. Neno hilo ni herufi sita kwa macho. Lakini Unicode inaruhusu ĩ iandikwe kwa njia mbili: kama alama moja kamili, au kama i ya kawaida ikifuatwa na wimbi linaloelea juu yake. Kwa njia ya kwanza length() inakuambia 6, kwa njia ya pili 9. Ukiita deleteCharAt(2) kwenye lile la sita unafuta k. Kwenye lile la tisa unafuta wimbi la ĩ, na unabaki na i tupu huku k ikiwa salama. Msimbo ni ule ule, neno kwa macho ni lile lile.

Kwa hiyo katika orodha za majina ninazozishughulikia kuna safu mbili. Moja ina jina kama karani alivyoliandika, na hiyo hakuna kitanzi kinachoruhusiwa kuigusa. Nyingine ni nakala ya kulinganishia tu: inapitishwa kwanza kwenye Normalizer, ambayo Java ilitupa hadharani katika toleo la 6 mnamo Desemba 2006, ili ĩ zote ziwe za aina moja, ndipo nafasi, vistari na ritifaa za aina zote mbili zinapoondolewa kwa mikono ile miwili, wa kusoma na wa kuandika. Hapo Ol Kalou na Ol'Kalou zinakutana. Kwenye karatasi inayochapishwa kwenda kwa mwenye jina, inatoka safu ya kwanza.